Mashavu ya Védastine

Védastine alivua kitenge cha pili alichofungwa juu ya kile cha kwanza, akakitupa kitandani.

"Vaa!" mama yake, Primitive, alinong'ona kwa ukali. "Tantine ya Christophe-Aimé iko ku mulango. Akiona ulikonda vile, atasema uko mugonjwa."

"Aseme."

"Basi kunywa hii." Primitive alifungua kiganja. Vile vidonge vyeupe tena. "Mashavu itarudi mbele ya ndoa."

Védastine aliviangalia kwa hasira. Prednisoloni! Kila utumbo wake mpana ulipowaka akaanza kutoka damu chooni, kila zahanati aliyoingia, huku Kamembe hata ng'ambo Bukavu, ilimwandikia hivyo hivyo. Damu ilikoma, ikarudi, akaandikiwa tena. Miaka ikapita. Mifupa ikamuuma, usingizi ukamhama, uso ukavimba ukawa mviringo. Na hapo ndipo Gihundwe nzima ilipoanza kumsifu: huyu binti kwao wanakula vizuri! Upuuzi mtupu. Lakini kwa mashavu hayo hayo ukoo wa mchumba wake, Christophe-Aimé, ulimpenda kanisani.

Halafu daktari mpya alimpunguzia vidonge hivyo polepole, akamwandikia mesalazini. Damu ikaisha. Mashavu nayo yakaisha.

"Sinywi, Maman. Utumbo ni yangu."

Mgeni akaingia. Nyirahabimana alikuwa na uso mpana unaong'aa, uso wa mtu aliyeshiba maisha yake yote. Christophe-Aimé alijua habari ya ugonjwa na hakujali, lakini katika ukoo wao hakuna ng'ombe wa mahari aliyesogea bila neno la shangazi huyu. Kabla hata ya kuketi, aliuliza choo kiko wapi.

"Anaangalia kama tuko basafi," Primitive alinong'ona, jasho likimtoka.

Mgeni aliporudi alikikataa kiti cha heshima, akachagua kile cha karibu na mlango. Maharage hakuyagusa. Bia aliisukuma kando. Macho yake hayakubanduka usoni pa Védastine. Kisha akainuka kwenda chooni mara ya pili, na Primitive akajua kwamba mambo yameharibika.

"Mutoto," Nyirahabimana alisema alipoketi tena, "ku Pasaka nilikuona na mashavu ya muzuri sana. Ilienda wapi?"

Primitive alidakia. "Ni kazi mingi, Tantine, ni jua..."

"Ni ugonjwa," Védastine alisema.

Alimpenda Christophe-Aimé, tena sana, na alijua kwamba maneno yake yanaweza kumkosesha mume papo hapo. Akasimama hata hivyo.

"Niko na ugonjwa ya matumbo, Tantine. Nilikuwa natosha damu ku choo. Ile mashavu ilikuwa ya dawa, haikuwa yangu. Sasa munganga alinibadilishia dawa, na niko muzima kuliko ile siku muliniona. Kama munaoa mashavu, mutafute kwingine. Ile dawa sitairudilia juu ya kupendeza batu, hata mulete ng'ombe ya Rusizi nzima!"

Primitive alijifunika uso kwa mikono.

"Maman Védastine," Nyirahabimana alisema bila kumtazama, "nenda utupikie chai."

Primitive aliondoka akijikwaa. Nyirahabimana alingoja mpaka sufuria ziliposikika jikoni, akainuka na kuufunga mlango. Védastine alikaza taya. Atukane tu, aliwaza, sitalia.

Mgeni alifungua mkoba wake, akatoa kichupa cha vidonge vyeupe, vile vile vya Primitive, na kukiweka mezani.

"Ule munganga yako," alinong'ona, machozi yakishuka juu ya mashavu yake mazuri, "anapokeaka bagonjwa siku gani?"