Benchi la Mjeshi

"Mjeshi, inuka. Wateja wanataka kukaa, na vita vyako tumeshavichoka," Fabiola alisema mbele ya mgahawa wake, Mbulu mjini.

Wateja, vijana waliozaliwa baada ya vita hivyo, walicheka.

Mjeshi aliitafuta fimbo yake, akasimama taratibu kwa mguu wake mmoja.

Mwaka sabini na tisa, Mjeshi aliposhushwa kwenye lori kutoka vitani Uganda, Fabiola ndiye aliyempigia goti mbele ya kijiji kizima, akamwamkia shikamoo, ingawa kwa umri angeweza kumzaa. Kijana aliona haya, akashindwa kuitikia.

Sasa aliinamisha kichwa chake chenye mvi.

"Shikamoo, mama."

Birika likiwa mkononi, Fabiola alifungua kinywa. Wateja waliacha kucheka, wakisubiri aitikie.