Mashine ya Kiponda

"Hii ni ya kwenu Jang'ombe, au ni ile ya Kiponda?" Kheir mwenye duka aliuliza, huku akiligeuzageuza bakuli lililopasuka.

Lilikuwa bakuli la mashine ndogo ya umeme, ile ya kukatia vitunguu na kusagia viungo vibichi. Shemsa alikuwa akijipepea kwa ncha ya mtandio pale dukani Darajani. Akaacha kujipepea.

"Ya Kiponda ipi?"

"Si mumeo kachukua mbili? Ya kwanza nliipeleka mwenyewe, mlango wa tatu baada ya kinyozi. Wiki ya pili karudi: nipe nyengine vilevile, bakuli lilelile, rangi ileile. Nkamwambia ipo nyekundu, ina nguvu zaidi. Kakataa katakata!" Kheir akacheka. "Na nyie mmetia nini humu hata likapasuka?"

"Manjano makavu."

"Lo! Hii ya vitunguu na tangawizi mbichi, Bi Shemsa. Manjano makavu ni kazi ya kinu."

Lakini Shemsa hakuwa tena na habari ya manjano.

Mgeni angeona nini hapo? Mtu kanunua mashine mbili, basi. Lakini Shemsa kakulia Makunduchi kwa babu mwenye wake wawili, na mzee yule, Mungu amrehemu, hakupata kuingiza ungo nyumba moja bila mwenzake kwenda nyumba ya pili, tena kwanza akizipima kwa shubiri. Mwanamume hakatai nyekundu yenye nguvu akataka rangi ileile, ila ana nyumba mbili na anaogopa kuulizwa na Mola wake.

Kilichomchoma zaidi ni ile wiki. Yeye mashine yake aliletewa Alhamisi iliyopita. Kwa hiyo ya kwanza ilikwenda kwa huyo! Kwa huyo kidudu mtu wa Kiponda! Yeye, mke wa ndoa wa miaka sita, ndiye wa kuletewa baadaye!

Akaitia mashine mkobani na kutoka, hata kuaga hakuaga.

Njiani akaanza kuunganisha. Bakar ni fundi wa injini melini: siku mbili nyumbani, siku mbili safarini. Miaka sita Shemsa hakuwahi kuishuku zamu hiyo. Leo akaishuku. Meli gani hiyo isiyoharibika, isiyozuiliwa na upepo, isiyobadili ratiba hata Ramadhani?

Na siku aliyoileta hiyo mashine! Karatasi ya maelezo hakuifungua. "Jaza nusu tu," alimwelekeza. "Kifuniko ukifunge mpaka kilie, la sivyo haiwaki. Bonyeza, achia, bonyeza, achia. Ukiishikilia, kitunguu kinakuwa uji." Shemsa akamsifu, tena mbele ya majirani: mume gani anayajua ya jikoni hivi? Ebo! Kumbe keshafundishwa kwengine. Kikulacho ki nguoni mwako.

Akampigia simu.

"Uko wapi?"

"Melini, mke wangu. Tunakaribia Mkoani, Pemba."

Nyuma ya sauti yake ikalia kengele ya baiskeli.

"Haya, safari njema," Shemsa akasema, akakata.

Maskini, nani asingemwonea huruma? Posa mbili alizirudisha ujanani kwa sababu wenyewe walikuwa na wake zao. "Uke wenza mie siuwezi," alimwambia mama yake. "Bora nibaki hapa nilime mwani." Akangoja, watu wakamcheka, mpaka akatokea Bakar, mtu mzima wa miaka arobaini na tano, mpole, ambaye bahari ilimchelewesha kuoa. Ndivyo alivyosema mwenyewe. Wakaozeshwa sebuleni kwa mjomba, watu kumi tu, bila ngoma wala tarabu, kwa kuwa Bakar hakupenda makuu. Shemsa aliridhika. Mume wa peke yake, alitaka nini tena?

Na leo huyo mwanamke angepewa talaka yake mbele ya macho ya Shemsa. Kama si hivyo, Shemsa angedai ya kwake na jua lisingetua kabla hajafika Makunduchi. La tatu halikuwepo, wallahi.

Alipofika Kiponda akampita kinyozi, akahesabu milango. Ndani ya wa tatu mashine ilikuwa ikinguruma na kunyamaza, ikinguruma na kunyamaza. Harufu ya tangawizi mbichi ikampanda puani. Akaupiga mlango kwa kiganja, hodi hakupiga.

Aliyefungua alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, mzuri, kitambaa kichwani, vidole vimelowa tangawizi. Mtoto huyu! Bakar hana haya hata chembe, kaenda kuoa mtoto!

"Ni wewe?" Machozi aliyoyazuia tangu Darajani yakamtoka. "Ni wewe uliyeniingilia kwa mume wangu? Mie ndiye mke wa Bakar, unasikia? Mie ndiye mwenyewe! Ulipokuja ulinikuta!"

Msichana hakuona haya, wala hakushangaa. Alimtazama Shemsa usoni, akaitazama mashine iliyochungulia mkobani, kisha akageuka kuita ndani.

"Mama, njoo! Bi mdogo wa baba kaja."