Uchungu wa Mwajabu

Sheria ilimtaka kila mwanafunzi wa ukunga avae kiunoni mkanda uliomletea uchungu wa mama aliyepangiwa. Asiyeyajua maumivu hapewi leseni. Mwajabu alikuwa mwaka wa mwisho, na mimba yake ya kwanza ilikuwa ya miezi saba.

Asubuhi moja, akikoroga uji, kiuno kilimkata ghafla. Mumewe, Shomari, akamshika.

"Mke wangu, uchungu huu ni wako."

"Si wangu. Ni wa Tabu, mama niliyepangiwa. Siku zake zimefika."

"Basi vua mkanda tujue."

"Nikivua, naanza masomo upya."

Akajikokota hadi zahanati. Kweli alimkuta Tabu kitandani, anahema na kulia, naye Mwajabu hakuwa na shaka tena. Alimzalisha huku akiuma meno. Mtoto alitoka akilia kwa nguvu, Tabu akatulia, akacheka. Maumivu ya Mwajabu hayakutulia. Alipotazama chini, aliona damu miguuni mwake.

Wa kwake hakulia.

Arobaini ilipopita, mkufunzi wake, Bi Mwanakheri, alikuja nyumbani. "Pole, mwanangu. Umebakiza mama mmoja tu," akasema, na mwenyewe akamfunga mkanda.

Siku chache baadaye, Shomari alikuwa anafua uani aliposikia mguno. Alimkuta mkewe sakafuni, amejikunja, amelikumbatia tumbo lake tupu kwa mikono miwili. Akainama amfungue mkanda.

"Niache," Mwajabu akamwambia. "Huyu yuko hai."