Usipokee

Mama Redio, jirani, anadai alimwona kwa macho yake mawili. Mkwe wa mzee, jioni, nyuma ya choo, kajikunyata na simu. Alibonyeza, akasubiri kidogo, akakata haraka. Kisha akaizima, akaichomeka kifuani na kujifuta uso kwa pindo la gauni.

"Na simu yenyewe si yake," Mama Redio alimwambia mzee, akivuta kigoda karibu bila kukaribishwa. "Yake aliiuza, akanunua mkanda wa cherehani. Humu ndani simu ni hiyo yako tu. Sasa hiyo nyingine kapewa na nani, baba yangu? Lisemwalo lipo."

"Limesemwa na nani zaidi yako?"

"Mimi nasema kwa niaba ya wengi."

Mzee hakucheka. Mtoto wa jicho alishamfunika macho yote mawili, haoni mtu wala kivuli, lakini alikuwa na kawaida ya kuyaelekeza kwenye sauti ya cherehani pale barazani. Leo aliyageuzia ukutani.

Daktari alisema macho yale yanafunguka, ila kwa gharama. Ndiyo maana nyumba ile ilibana kila kitu. Mche wa sabuni ulikatwa kwa uzi, vipande vyembamba kama biskuti. Maharage yalilala kwenye maji yasije yakala mkaa mwingi, na mkaa ukibaki ulizimwa kwa majivu, ukawashwa tena kesho yake. Majani ya chai yalichemshwa, yakaanikwa, yakachemshwa tena, hadi Mama Redio akasema chai ya kwa mzee ni maji yaliyosimuliwa habari za chai.

Na simu haikupokelewa. Hiyo ilikuwa sheria ya mtoto wa mzee mwenyewe, alipoondoka kwenda machimboni kutafuta pesa za macho.

"Baba, nikitoka shimoni salama nitakubipu. Mlio mmoja. Usipokee, vocha ni pesa. Tutaongea siku utakayonitazama usoni."

Basi kila jioni simu ililia mara moja kwenye mfuko wa shati la mzee, ikanyamaza, naye akasema, "Katoka salama," akaomba chakula. Kabla ya mlio ule hagusi kitu. Mkewe alipofariki aligoma kula hadi akawa wa kubebwa, na mkwe ndiye aliyemrudisha, kwa uji, kijiko kwa kijiko, akimbembeleza kama mtoto mchanga.

Mkwe mwenyewe siku hizi alikuwa amekonda. Cherehani ilianza kabla ya jogoo kuwika, na ule wimbo wake wa kushonea hausikiki tena. Mara moja tu alisafiri, akasema anafuata vitambaa vya bei ya jumla. Alirudi sauti imekauka.

"Vumbi la njiani, baba," alisema.

"Vitambaa vyenyewe mimi sikuviona," Mama Redio alimkumbusha mzee sasa. "Alikwenda kwa huyo bwana wake. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini kibaba chenu kina tundu. Macho yako yanaliwa na mwanamume mwingine, baba yangu, na mwanao huko anapasua mawe!"

Mzee alishusha pumzi. Barazani cherehani ikanyamaza. Hatua nyepesi zikapita mlangoni.

"Naanua nguo, baba. Nakuja kukupakulia."

"Haya, mama," mzee akaitika kama siku zote.

Hatua zilipopotea uani, akainamisha kichwa.

"Huyu kanilisha kwa mkono wake. Kumfukuza kwa maneno ya jirani siwezi. Na kumficha mwanangu nako siwezi. Mke ni wake, aamue mwenyewe."

"Sasa unangoja nini? Piga! Vocha nakuwekea mimi, iwe sadaka."

Mama Redio kutoa kitu bure, hiyo nayo ilikuwa habari. Akakwangua kadi kwa kucha, akaingiza namba, akamrudishia mzee simu kiganjani.

Haikukaa. Ikalia mlio mmoja, ikakata.

"Katoka salama," mzee akasema. Chakula hakuomba. Akapapasa kile kitufe alichofundishwa na mwanawe, cha kumpigia siku ya shida kubwa, akakibana hadi simu ikaanza kuita sikioni mwake.

Uani nako kukaita.

Ilikuwa sauti ya kengele ya baiskeli, kring, kring, ule mlio ambao mwanawe alijiwekea tangu ujana, nyumba nzima ikamgombeza kwa huo. Mzee akasimama. Fimbo ikamdondoka, hakuijali. Uso wake wote ukachanua.

"Kumbe umerudi! Mjanja wewe! Unanibipu nawe uko nyuma ya nyumba!"

Kengele ikasogea, ikakaribia, ikasimama kizingitini. Mama Redio akainuka kigodani.

Mlangoni alikuwapo mkwe peke yake, simu ya marehemu mumewe ikimlilia kifuani.

"Sogea basi, mwanangu," mzee akaomba, mikono ameinyoosha mbele. "Sema neno. Leo vocha ipo."