Kaburi la Mzee Sinani

Kondoa, ardhi iliyofufuliwa hairuhusiwi kuchimbwa mpaka vipimo vya udongo vitimize miaka mia moja. Huu ni mwaka wa thelathini na nne. Mzee Sinani, aliyefukia makorongo yake kwa mikono tangu ujana, alifia kwenye majani aliyoyapanda mwenyewe.

"Mwanangu, nipe futi sita tu," mkewe, Bi Mwantumu, alimsihi mpimaji wa udongo.

"Kaburi litavuruga vipimo vyote, mama. Nisamehe."

Jeneza likaondoka kwenda makaburi ya mjini. Kwenye lango la shamba, mpimaji alimsimamisha Bi Mwantumu. Akapiga magoti, akakung'uta udongo uliogandia kandambili ya mjane huyo, akaurudisha shambani.

"Na mguu wa pili, mama," akasema.

Bi Mwantumu akauinua.