Kupimwa Sare

Bi Mwatumu, fundi cherehani, aliichomoa futi shingoni kwa haraka kama alivyozoea, nayo ikalia hewani. Tunu, msichana wa miaka saba aliyeletwa kupimwa sare ya shule, akajitupa chini ya meza na kufunika kichwa kwa mikono.

"Sirudii tena," alisema.

Hakuna aliyekuwa amemwuliza kitu.

"Toka huko, mwanangu, unanitia aibu," alisema shangazi yake. Kisha akamgeukia fundi na kushusha sauti. "Nimemtoa kwa kaka juzi tu. Kule ilikuwa mkanda kila siku."

Bi Mwatumu akapiga magoti, akaiweka futi sakafuni na kuisukuma polepole hadi kwa mtoto.

"Leo sikupimi," alimwambia. "Nipime wewe."

Mkono mdogo ukaichukua. Lakini Tunu hakuinyoosha. Aliizungusha kiganjani mara mbili, akaikaza, akaacha ncha yenye bati ining'inie, kama mkanda unavyoshikwa. Akatoka chini ya meza, akasimama mbele ya fundi.

Shangazi akapiga hatua.

"Mwache," alisema Bi Mwatumu. Hakuinua mikono kujikinga; aliiacha mapajani.