Kidole Gumba cha Bi Kibibi

Bi Kibibi aliingia na karai la maji ya moto, taulo begani, tayari kumkanda mke wa mwanawe. Hidaya aliishikilia kanga yake, hakuiachia.

"Acha haya, mwanangu. Tumbo lisipokandwa litabaki hivyo hivyo."

"Mama, nimepasuliwa."

"Umeshindwa kusukuma?" Bi Kibibi alikwisha kuutangazia mtaa mzima kwamba mkwewe kajifungua kwa njia ya kawaida.

"Presha ilipanda. Daktari alisema tungechelewa kidogo tungekufa wote wawili. Akaniuliza, miguu haikuvimba?" Hidaya aliinamisha macho. "Nikamwambia ilivimba, ila sikujua kama ni ugonjwa."

Hakusema ni nani aliyemdanganya. Bi Kibibi alikumbuka mwenyewe: barazani, mbele ya wenzake, aliubonyeza mguu wa Hidaya uliovimba kwa kidole gumba, shimo likabaki, naye akacheka. "Mimba ya miguu hivi ni dume tu!" Wote wakapiga vigelegele.

Kitandani, mtoto wa kike alipiga chafya.

Bi Kibibi aliweka taulo chini, akapiga magoti, akaubonyeza mguu wa Hidaya kwa kidole kilekile. Akakiondoa taratibu, akabaki analitazama lile shimo, akisubiri lijae.